Leonida Alipopima Gari Likiwa na Watu

Nitakuwa mwongo nikisema nilimpenda Leonida Ajiambo tangu mwanzo. Siku tuliyokutana nilikuwa na haraka, na yeye ndiye aliyekuwa ananichelewesha.

Mimi ni muuguzi. Naitwa Mercyline, na kazi yangu ni kupeleka chanjo za watoto kwenye vijiji vilivyo mbali na zahanati. Shirika letu ni dogo. Lina ofisi mjini Busia na gari moja tu, Land Cruiser nyeupe ya kitambo, ile ndefu yenye viti viwili vya kutazamana huko nyuma. Likijaa hubeba watu tisa pamoja na masanduku ya barafu ya kuhifadhia dawa. Siku hiyo mimi na mwenzangu mmoja wa chanjo tulikuwa tunaenda Namboboto, ambako akina mama walikuwa wameambiwa wawe wamefika saa tatu. Saa mbili na nusu bado tulikuwa mjini, kwa sababu dereva wetu, Okiror, alikata kona ghafla akaingia kwa Abdulnoor, pale kwenye barabara ya Malaba wanapouza matairi na kupiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

"Dakika tano tu, sista," aliniambia. "Kuna kitu nataka huyu mama aone."

Nilishuka nimenuna. Okiror akanipeleka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Mimi niliona tairi zuri tu. Hata vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani vilikuwa bado vimesimama kwenye ukingo wa nje.

"Sasa chungulia huku," akasema, akiniinamisha nitazame upande wa ndani.

Upande wa ndani haukuwa na meno hata moja. Mpira ulikuwa umeisha ukawa kipara, na mahali pawili nyuzi za chuma zilikuwa zimeanza kutokeza.

Tairi hilo lilikuwa na miezi mitatu. Lililotangulia liliisha vivyo hivyo, na lililotangulia hilo pia. Tena ni gurudumu lile lile kila mara, la mbele kushoto.

Hapo sina budi kueleza balaa lililokuwa limempata Okiror. Ofisini kwetu mambo ya magari yako mikononi mwa Bi. Aidah, mwanamke makini asiyependa maelezo marefu. Alipoona matairi mapya yanaisha kwa miezi mitatu, alifikiri kama ambavyo mtu yeyote wa mpakani angefikiri. Kwetu Busia kitu kipya kinaweza kulala Kenya kikaamkia Uganda. Akamwandikia Okiror barua: aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, matairi mapya aliyapeleka wapi na haya makuukuu aliyatoa wapi. Siku ile ilikuwa ya sita. Okiror ana watoto wanne huko Chakol na hajawahi kuajiriwa kazi nyingine isipokuwa udereva. Alikuwa amekonda ndani ya wiki moja, mimi mwenyewe nilimwona.

Basi Leonida, fundi wa pale, akaja. Ni mwanamke mfupi, umri wake kama miaka hamsini, ovaroli ya bluu na leso amejifunga kiunoni juu yake. Alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono kana kwamba tumekuja kumtembelea nyumbani, kisha akachuchumaa mbele ya tairi, akaingiza kiganja kwa ndani, akapapasa. Akaenda, akarudi. Akafumba macho.

Baadaye alinisimulia alivyoingia katika kazi hiyo. Alizaliwa Nambale, na alipoolewa akaanza kuuza uji Malaba, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Madereva hukaa pale siku mbili, siku tatu, hawana la kufanya isipokuwa kunywa uji na kulalamika juu ya matairi. Karibu naye palikuwa na mzee aliyeitwa Olinga, mzibaji wa pancha, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwishia. Mzee Olinga alikuwa akiyasoma matairi kwa mkono. Leonida alianza kwa kumshikia taa na kumsomea namba za matairi, akamalizia kwa kuwa yeye ndiye anayeshika tairi na mzee ndiye anayeuliza, "Umesikia nini?" Alikaa naye miaka saba. Mzee alipofariki, madereva waliendelea kumwita Leonida, na sufuria ya uji ikabaki nyumbani.

"Nje ni mtoto, ndani ni mzee," alisema sasa, akifungua macho. "Na ni ile ile tairi niliyowafungia mimi. Namba yake iko kwa kitabu chetu."

"Mama, hilo neno utaniandikia?" Okiror akauliza upesi.

"Nitakuandikia. Lakini kwanza tujue ni nini inaikula."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijivunii, kwamba dawa zetu ziko kwenye barafu na barafu haingoji mtu. Alinitazama kwa upole.

"Najua, sista. Njoo ushike hapa uone."

Nikashika. Akaniongoza kiganja. "Upepo ukiwa kidogo, tairi inaisha kando zote mbili. Ukizidi, inaisha katikati. Magurudumu yakiangaliana vibaya, meno yanakuwa kama ya msumeno: ukipapasa ukienda ni laini, ukirudi inakukwaruza. Hii unasikia inakwaruza?"

"Hapana. Ni laini tu, kwenda na kurudi."

"Basi hili gurudumu limelala. Juu limeingia ndani, chini limetoka nje, linatembelea ukingo mmoja. Lakini hii gari ekseli yake ni moja, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hakuna mahali pa kulegeza ukanyoosha. Likilala, kuna kitu kimelilaza."

Walilipandisha gari kwenye mashine. Abdulnoor ana mashine ya kisasa, inafungwa kama macho kwenye kila gurudumu, na majibu yanatokea kwenye kioo. Kila kitu kilikuwa kijani, maana yake sawa. Leonida alikuwa amelipima gari lile lile mara mbili mwaka huo, na mara zote mbili kioo kilionyesha kijani, akaliruhusu liende.

Akainua gurudumu kwa jeki, akalitikisa, juu na chini, kushoto na kulia. Halikucheza. Beringi zilikuwa nzima.

Abdulnoor mwenyewe akatoka dukani. Ni mtu wa makamo, mpole, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani. Aliangalia saa yake, akaniangalia mimi, akaelewa.

"Mama Leonida, mashine ni kijani," alisema. "Wape tairi nyingine waende, watoto wa watu wanangoja. Gari wataleta kesho."

Mimi nilikuwa upande wake. Nilikwisha hata kushika mlango.

Leonida hakupandisha sauti. "Boss, na ile pikapu ya samaki ilikuwa kijani."

Abdulnoor akashusha mkono wenye saa. Sikuelewa wakati ule. Nilikuja kuambiwa kwamba miaka minne nyuma walipima pikapu ya mchuuzi wa samaki, mashine ikaipasisha, na Leonida akaipasisha pia ingawa mkono wake ulikuwa na shaka. Siku ya pili yake gurudumu lilichomoka karibu na Nambale. Dereva alivunjika nyonga. Hakufa, lakini alilala hospitalini miezi miwili, na kila Jumapili baada ya kanisa Leonida alimpelekea chakula, ingawa mtu yule hakuwahi kumlaumu kwa lolote.

"Haya," Abdulnoor akasema. "Fanya unavyojua."

Leonida akamgeukia Okiror. "Wewe hii gari unaiendesha ikiwa na nini ndani?"

"Watu tisa, mama. Na masanduku."

"Na hapa huwa unaniletea ikiwa na nini?"

Okiror akafikiri. "Huwa nakuja peke yangu."

"Mimi napima gari tupu," Leonida alisema, kama anayejisemea. "Mara mbili nimepima gari tupu."

Akaenda hadi barabarani, kwenye foleni ya malori, ambako wapakuzi wa mizigo hukaa kungoja kazi. Akarudi na wanaume saba wenye miili.

"Ingieni kwa gari," akawaambia.

"Tunaenda wapi, mama?"

"Hamuendi popote. Kaeni tu."

"Kukaa ndiyo kazi?" mmoja akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. "Hiyo naiweza kuliko zote!"

"Subirini kwanza." Alikuwa ametoa uzi wenye nati imefungwa mwishoni, timazi ya waashi. Akauning'iniza kutoka ukingo wa bodi juu ya gurudumu, ukaanguka wima mbele ya rimu bila kuigusa. Akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, juu kisha chini. Gari likiwa tupu, juu ilikuwa imeingia kuliko chini kwa milimita tatu. Akaandika 3 kwa chaki kwenye sakafu. Upande wa kulia alipata mbili. Kisha akasukuma vigogo vya mti chini ya chasi, karibu viguse.

"Hivyo ni vya nini?" nikauliza.

"Kama nimekosea, havina kazi," alinijibu.

Wanaume wakapanda. Mimi na mwenzangu wa chanjo tukaambiwa tupande pia, tukabanana nao, masanduku yetu magotini. Gari likashuka, springi zikalia. Kwa dirisha nilimwona Leonida akipiga magoti tena na rula yake upande wa kulia. Mbili. Akazunguka akaja kushoto. Alipima, akafuta uzi kwa leso, akapima tena.

"Kumi na mbili," alisema.

Hakuna aliyecheka tena. Alituambia tutulie, tusitikisike, akachukua tochi, brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, akajilaza chali kwenye kipande cha katoni, akajisukuma chini ya gari hadi tukaona viatu vyake tu. Tulisikia brashi ikisugua tope, ikiacha, ikisugua tena. Kisha brashi ikawekwa chini. Ndani ya gari mmoja wa wapakuzi alianza kuomba kwa sauti ya chini, kwa Kiteso.

"Okiror," sauti ya Leonida ilitoka chini. "Njoo. Na sista, shuka pole pole, uje pia."

Ovaroli sikuwa nayo, lakini nililala kwenye tope lile na sare yangu nyeupe. Alinielekezea tochi. Ekseli ya mbele ni kama bomba nene la chuma linalopita chini ya gari. Upande wa kushoto, pale springi inapokalia, karibu kabisa na mshono wa kulehemu, palikuwa na mstari. Ulikuwa upande wa chini wa bomba, ambako mtu haoni akisimama wala akiinama, na ulikuwa umefichwa na tope lililogandamana na mafuta. Mafuta yalikuwa yakivuja kidogo sana, kama jasho. Leonida alichukua wembe akauingiza ncha ndani ya mstari ule. Uliingia.

"Waambie washuke mmoja mmoja," alisema.

Walishuka, na kila mmoja aliposhuka mstari ulizidi kujifunga. Gari lilipobaki tupu wembe haukuingia tena. Ungeapa ni mkwaruzo tu.

"Ekseli imepasuka. Mkiwa hamna mzigo, inafunga na mashine inaona gurudumu limesimama," Leonida alieleza. "Mkipanda, inafunguka na gurudumu linalala. Ndiyo maana tairi inaisha barabarani na hapa haionekani kitu. Imefika nusu. Ikikatika yote, gurudumu linatoka na kipande chake."

Niliwaza ile miteremko ya upande wa Funyula, sisi tisa nyuma, tukiimba kama tunavyoimba kila mara. Nilitoka chini ya gari nikakaa pale pale chini.

Okiror naye alikuwa amekaa. Alijifunika uso kwa mikono miwili, akasema bila kuulizwa:

"Ni mimi. Wakati wa mvua ile kubwa. Nilikuwa narudi peke yangu kutoka Namboboto, maji yalikuwa yamefunika barabara, sikuona kama kalvati imebomoka. Gurudumu la kushoto liliingia lote, bodi ikagonga chini. Nilitoa gari, nikaangalia, sikuona kitu. Nikaliosha. Nilikuwa tayari na onyo moja la kugonga mlango, nikaogopa."

Nilitarajia Leonida amkemee. Alimpa leso yake ajifute.

"Utamwambia mkubwa wako leo," alisema. "Mimi nitasimama hapo karibu."

Tulimpigia Bi. Aidah simu. Alifika kwa bodaboda baada ya robo saa, uso umekaza, na nadhani alikuja akiamini ni hila ya dereva ya kujitetea. Leonida hakumweleza sana. Aliwapandisha wapakuzi tena, akampa tochi na wembe. Bi. Aidah alijikaza mtandio, akalala kwenye katoni, akaingia chini. Alipotoka, mkono wa vazi lake ulikuwa mweusi kwa mafuta na hakuwa na habari nao. Leonida akamfungulia kitabu cha duka, akamwonyesha namba ya tairi, kisha akamwonyesha namba hiyo hiyo ikiwa imechongwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Halikubadilishwa. Ni lile lile.

Okiror akasimama mbele yake akasimulia habari ya kalvati, tangu mwanzo hadi mwisho. Bi. Aidah alimsikiliza bila kumkatiza.

"Okiror, nilikuandikia barua ya wizi," alisema mwishowe.

"Ndiyo, madam."

"Hiyo nitairarua mwenyewe, na utanisamehe. Lakini ya kalvati utaniandikia wewe. Yote. Na kama ungeniambia siku ile, tungekuwa tumekwisha kutengeneza."

"Ndiyo, madam," Okiror akasema, na hapo ndipo alipolia, mtu mzima, mbele ya wapakuzi na sisi sote. Mmoja wao alimpiga piga mgongoni akimwambia, "Lia tu, kaka. Leo hujafa wala hujaua."

Abdulnoor alikuwa amekwisha kuleta pikapu yake ya kubebea matairi hadi mlangoni. Alishusha matairi kwa mikono yake akisaidiana na wapakuzi, akapangusa sakafu, akapakia masanduku yetu, akampa Okiror ufunguo. Barafu, nilipoifunua, ilikuwa bado imara.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta Leonida nimuage. Nilimkuta nyuma ya duka kwenye mfereji, ananawa. Alikuwa ameshamaliza kunawa, lakini maji aliyaacha yaendelee kummwagikia mikononi.

"Mara mbili gari yenu iliondoka hapa na mimi nikimpungia Okiror mkono," aliniambia. "Mara mbili, sista."

Nilifunga mfereji. Nikamshika mikono yote miwili, yenye maji na mafuta ya taa, nikamwambia kitu ambacho sikumbuki tena. Yeye akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtoka kama kikohozi, kisha nami nikacheka, tukasimama pale tukicheka na machozi yanatutoka hadi Okiror akapiga honi.

Namboboto tulifika karibu saa sita. Akina mama hawakuwa wameondoka. Walikuwa wametandika kanga kivulini kwenye ukumbi wa kanisa na wengine walikuwa wamelala. Sare yangu ilikuwa na tope mgongo mzima, na mama mmoja aliniuliza kama tumepata ajali.

"Hapana," nilimjibu. "Hatukupata."

Tulichanja watoto sitini na watatu. Walilia wote, kila mmoja kwa zamu yake, na mimi nilikuwa natabasamu hata mwenzangu akaniuliza kama niko sawa.

Ekseli nyingine ilipatikana baada ya wiki mbili, kutoka kwenye gari lililobomolewa. Siku ya kuifunga Leonida alikataa kulitoa gari mpaka wapakuzi wale wale waje wapande, na alipopima alipata mbili kushoto na mbili kulia, gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Okiror alipewa onyo la kuficha habari, na bado ni dereva wetu. Barua yake ya kalvati ilijaa kurasa mbili. Bi. Aidah aliisoma kwenye mkutano wa wafanyakazi, Okiror akiwa ameridhia, kisha akatangaza kwamba tangu siku hiyo dereva atakayegonga kitu akasema hataadhibiwa kwa kusema.

Wiki iliyopita tulikwenda Namboboto tena. Wakati wa kurudi jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa kavu. Zamani nilikuwa mtu wa kushika chuma cha kiti njia nzima. Safari hii niliegemea begani kwa mwenzangu kabla hatujafika Funyula, na nilipofumbua macho tulikuwa Busia sokoni, Okiror anafungua milango ya nyuma, wote wameshashuka nimebaki peke yangu.